Gunia Mbili Kamili

Ukikutana na Wasike pale mtaani Huruma, akakusalimu huku akikutazama kutoka kichwani hadi miguuni, usidhani anakudharau. Anakupima. Mizani hana, na haitaki. Jicho lake likikupitia mara moja tu, ameshajua kwamba wewe ni gunia moja na robo, ama gunia moja kasoro debe, na kwamba unaelemea mguu wa kushoto zaidi ya wa kulia. Gunia analolisema ni lile la kilo hamsini, gunia la sheria. Mtu akikasirika kwa kupimwa, Wasike humwomba msamaha kwa moyo safi kabisa, lakini kipimo habadilishi.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kumtajia kipimo chake, naye ni mkewe, Nanzala.

"Na mimi, Baba Sifuna? Mimi ni gunia ngapi?" Nanzala humuuliza, maana mtoto wao wa kwanza ni Sifuna.

"Wewe? Wewe sijui," Wasike hujibu, na papo hapo hukumbuka kwamba kuna kuku wa kufungiwa. Kuku wenyewe hawana.

Jicho hilo alilipata Burnt Forest, mji wa viazi. Miaka ishirini na miwili alikuwa mpakiaji wa malori ya viazi, na sio mpakiaji wa kurusha gunia popote lidondokapo. Wasike alikuwa akipanga. Gunia hili huku, lile kule, lenye unyevu chini, lililokauka juu, na akimaliza anarudi nyuma hatua kumi, anachuchumaa, anaangalia kama lori limekaa sawa. Likiwa limelala upande hata kidogo tu, anapanda tena. Madereva walikuwa wakimgombania. Lori lililopakiwa na Wasike halikulala ubavu hata siku moja, na mlima wa Timboroa lililipanda kama linaenda kanisani.

Kilichomtoa kazini ni lumbesa. Unaijua lumbesa? Ni lile gunia ambalo likijaa hadi mdomoni, dalali hasemi basi, anashonea wavu juu na kuongeza kilemba kizima cha viazi, halafu anamlipa mkulima gunia moja. Ni wizi, na mimi sioni haya kuuita kwa jina lake. Lumbesa moja ya namna hiyo ilimteleza Wasike begani siku ya mvua, akajaribu kuishika badala ya kuiacha ianguke, na mgongo ukasema kwaheri. Daktari alimwambia asibebe tena kitu kizito kuliko sufuria ya chai.

Basi mwaka mzima alikaa mlangoni pa nyumba yao ya kupanga akipima wapita njia. Nanzala ndiye aliyekuwa akiamka, akienda sokoni na beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, akirudi, akipika. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomwumiza Wasike zaidi. Mtu aliyeishi kwa kubeba mizigo alijiona amekuwa mzigo mwenyewe, na neno hilo lilimkaa kooni kila alipopewa sahani.

Halafu akaja Ndungu.

Mzee Ndungu alikuwa mfanyabiashara wa viazi, na malori yake mengi yalipitia mikononi mwa Wasike. Sasa amestaafu, na badala ya kutulia kama wazee wenzake alikwenda Naivasha akarudi na boti ya injini, imelazwa juu ya trela, ya rangi ya samawati, yenye mbao tatu za kukalia. Alikuwa amepatana na mkulima mmoja, Kipkirui, mwenye bwawa kubwa kando ya barabara ya Burnt Forest, kwamba watu wataletwa pale siku za mapumziko, wavushwe hadi ng'ambo penye nyasi na kivuli cha miti, wanywe chai, warudishwe.

"Nataka dereva," Ndungu akasema, akiwa amesimama pale mlangoni Huruma.

"Mzee, mimi sijawahi kuendesha boti. Hata kuogelea najua tu ile ya mtoni kwetu Bungoma."

"Kuendesha utafundishwa nusu saa. Ni kushika usukani wa injini na kugeuza. Lakini yule jamaa wa Naivasha aliniambia kitu kimoja: boti ni kupakia. Ukipakia vibaya, hata uwe dereva namna gani, unaoga. Nikafikiria, kwani ni nani mimi najua anaweza kupakia?"

Wasike alisimama bila kushika mlango. Nanzala aliona, kwa sababu siku hizo alikuwa hasimami bila kushika kitu.

Jaribio lilikuwa Jumanne. Vibarua wa Kipkirui walijaza mchanga kwenye magunia kumi ya kilo hamsini, ndio abiria, na Wasike akasimama ufuoni akiamuru kwa kidole. Na hapa, jamani, ndipo alipokosea, tena alikosea kwa ufundi wake wote. Kwa lori, mzigo mzito unaukaza mbele, nyuma ya kichwa cha dereva. Ukiujaza mkiani, lori likifika mlimani linainua pua na usukani unakuwa mwepesi kama wa mtoto akichezea sahani. Hivyo ndivyo alivyojua kwa miaka ishirini na miwili. Magunia yote kumi akayapeleka mbele. Akayapanga kulia na kushoto sawa kabisa, akarudi nyuma hatua kumi, akachuchumaa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndungu akapanda akiwa na kofia yake ya Jumapili, akaketi mbele pamoja na magunia, maana yeye ndiye mwenye mali.

Wasike akakaa nyuma kwenye usukani, injini ikawashwa. Boti ikaenda mita ishirini, halafu ikainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa. Mkia ukanyanyuka, panga la injini likatoka majini likaanza kupiga hewa na kulia, na maji ya bwawa yakaingia kwa mbele, yakampitia Mzee Ndungu kifuani hadi kichwani, yakamvua kofia. Wasike alizima injini kwa bahati tu. Walivutwa kwa kamba hadi ufuoni.

Ndungu alitoka, akamwaga maji kutoka viatuni, kiatu kimoja kimoja, bila haraka.

"Wasike."

"Mzee."

"Jumamosi kamati ya kina mama wa kanisa wanakuja. Saba. Mwenyekiti ni Mama Ciru. Wakipenda, watakuwa wanakuja kila mwezi na makanisa mengine yatafuata. Ukiniloweshea hao, boti inarudi Naivasha na wewe unarudi nyumbani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee."

Alirudi Huruma viatu vikilia kwacha kwacha. Nanzala alikuwa akichambua omena. Alimtazama miguuni, akamtazama usoni, akauliza ni nini, na Wasike akamweleza yote: magunia, pua, panga la injini, kofia. Sasa wewe ungetarajia mke amhurumie mumewe. Nanzala alicheka mpaka beseni likamponyoka, akaketi chini kabisa sakafuni akishika mbavu.

"Mbele! Gunia kumi mbele! Wee Baba Sifuna! Na Mzee juu yake!"

"Wewe unacheka nini? Unajua nini mambo ya boti?"

Nanzala akaacha kucheka.

"Mimi nimezaliwa wapi?"

"Bunyala."

"Bunyala wapi?"

"Port Victoria."

"Na baba yangu alikuwa akifanya kazi gani?"

Mkwewe Wasike alikuwa ameshafariki walipooana. Wasike alijua alikuwa mtu wa ziwani, basi. Miaka ishirini na sita ya ndoa na hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo.

"Alikuwa na boti ya injini," Nanzala akasema. "Alikuwa anavusha watu na mizigo. Na mimi ndiye nilikuwa nawaonyesha watu pahali pa kukaa."

Aibu ilimpata Wasike, na hakuificha. Akavuta kigoda. Nanzala akajaza maji kwenye karai, akaweka juu yake mkebe mtupu wa siagi, ule mrefu kama mtumbwi. Ndani ya mkebe, upande wa nyuma, akaweka jiwe dogo: hiyo ndiyo injini, pamoja na dereva. Halafu akachukua vitunguu.

"Gari linapanda mlima uliowekwa na Mungu," akasema. "Boti inajitengenezea mlima wake. Ikienda, inasukuma maji, na hayo maji ndiyo mlima. Lazima pua iinuke kidogo ipande. Wewe umeikalia kichwani, itapandaje?"

Akaweka vitunguu mbele, akasukuma mkebe. Ukazama pua. Akavirudisha vyote nyuma. Mkebe ukakaa mkia chini, pua hewani, na ukisukumwa hauendi, unajivuta tu. Kisha akaviweka katikati, vizito katikati kabisa, vidogo mbele, akaangalia upande huu na upande huu viwe sawa. Mkebe ukateleza hadi ukingo wa karai ukiwa umeinua pua upana wa kidole.

"Kwa boti kubwa ni upana wa kiganja," Nanzala akasema. "Baba alikuwa anaweka kiganja hivi. Na mtu asisimame. Akisimama, ni kama umeweka gunia lake juu ya gunia."

Wasike alivisogeza vitunguu mwenyewe hadi ikafika saa ya kupika na Nanzala akavihitaji. Ndipo akasema lile lililokuwa likimkaa kooni.

"Mama Sifuna, mwaka huu mzima nimekuwa mzigo kwako."

Nanzala alikuwa akimenya kitunguu. Hakuinua macho.

"Mzigo? Ulipakiwa vibaya tu," akasema. "Lete kisu kingine."

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa Wasike alishinda bwawani na mitungi ya lita ishirini. Mtungi mtupu hata yeye angeweza kuushika. Aliuweka ndani ya boti kwanza, kisha akaujaza kwa kikombe. Akisukuma mmoja kwa mguu, anazunguka bwawa, anaangalia ukingo wa boti dhidi ya maji. Aligundua kwamba tangi la mafuta linapopungua, upande wake unakuwa mwepesi. Aligundua pia kwamba akiwa peke yake, kwa sababu yeye na injini wote wako nyuma, pua inapanda mbinguni mpaka haoni mbele, na ili ikae sawa lazima aweke mitungi miwili iliyojaa pale puani. Hiyo mitungi akaiacha iwe ya kazi hiyo.

Lakini usiku wa kuamkia Jumamosi, kabla hata ya kula, alikuwa amejiinamia.

"Ni nini tena?" Nanzala akauliza.

"Mama Ciru. Namjua tangu Burnt Forest, nimepakia viazi vyake. Ni gunia mbili kamili. Na ni mwenyekiti. Mwenyekiti anakaa wapi?"

"Mbele."

"Harusi, mbele. Matanga, mbele. Mkutano wa maji, mbele. Nitamwambia nini? Mama, wewe ni mzito, rudi nyuma?"

Ni kweli, na wewe msomaji unajua ni kweli. Huku kwetu mtu wa heshima humwambii arudi nyuma hata nyumba ikiwaka moto. Nanzala akaenda kwenye kochi lao, akavua kitambaa cha mgongoni. Ni kile cheupe alichokishona kwa mkono wake, chenye maua mekundu pembeni na maneno KARIBU MGENI katikati. Akakikunja, akampa.

"Weka hii kwa mbao ya katikati. Mbele usiweke kitu. Halafu nyamaza."

Jumamosi walikuja saba, kwenye sare za kamati, na chupa za chai na kikapu cha chapati. Mama Ciru alitangulia. Alisimama ufuoni akiangalia boti, na Wasike akawa anaomba kimoyomoyo. Mama Ciru akatazama mbao ya mbele, tupu, kavu, ya rangi ya samawati. Akatazama mbao ya katikati yenye kitambaa. Ni nani katika nchi hii aliyewahi kuingia sebuleni akakosa kujua kiti chake ni kipi? Alikwenda moja kwa moja akaketi katikati, juu ya KARIBU MGENI, akapanga sketi yake, na kusema, "Mmejipanga vizuri."

Hao wengine walikuwa rahisi. "Mama, kaa huku, jua halitakupiga machoni." "Mama, wewe huku, ushikilie chupa ya chai." Lynette, katibu, ambaye ni gunia moja kasoro, akawekwa mbele na kikapu cha chapati, akajiona amepandishwa cheo. Wote wakafungwa jaketi za kuelea. Wasike akarudi nyuma hatua kumi, akachuchumaa. Boti ilikuwa imekaa sawa. Ndungu alikuwa ufuoni, mikono kifuani, na safari hii hakuvaa kofia.

Wakaondoka. Pua ikainuka upana wa kiganja, maji yakafunguka pande mbili, na kina mama wakaanza kuimba. Wasike alisikia furaha ikimpanda mpaka akataka kuimba naye. Walifika katikati ya bwawa, penye kina kirefu. Hapo Mama Ciru akainua mkono, wimbo ukakatika.

"Kina mama," akasema, akiwa amefumba macho, "Mungu ametufikisha nusu ya safari. Hatuwezi kupita hapa kimya. Tusimameni tuombe."

Mtu wa kanisa akiambiwa asimame husimama kwanza, kufikiri ni baadaye. Lynette alikuwa ameshanyanyuka. Mwingine upande wa kulia alikuwa juu. Mama Ciru mwenyewe aliweka mkono gotini, akajisukuma, na boti yote ikalala kulia, maji yakalamba ukingo. Wasike akapunguza injini na sauti ikamtoka kabla hajaichagua.

"Keti! Mama Ciru, keti! Wewe ni gunia mbili!"

Wote wakaketi kwa kishindo. Boti ikayumba, ikatulia. Injini ikawa inakohoa polepole. Sauti husafiri juu ya maji, na kule nyuma ufuoni Ndungu alionekana akishika kichwa kwa mikono miwili.

Mama Ciru akafumbua macho. Akageuka taratibu, mwili wote.

"Umesema mimi ni nini?"

Wasike aliona kazi inaondoka. Aliiona kabisa, na aliuona ule mlango wa Huruma, na sahani anayoletewa. Angeweza kusema amekosea. Lakini kipimo ni kipimo.

"Gunia mbili, Mama."

"Gunia gani? Lumbesa?"

Hapo ndipo Wasike alipoelewa hasira ile ilitoka wapi. Mama huyu alilima viazi miaka thelathini, na miaka thelathini aliangalia madalali wakivalisha magunia yake vilemba vya bure. Kuitwa mzito hakukuwa tusi. Tusi lilikuwa lumbesa.

"Haki ya Mungu, hapana!" akasema Wasike. "Lumbesa wapi! Gunia mbili kamili, za sheria. Hakuna hata kiazi kimoja kimezidi."

Mama Ciru akawageukia wenzake, kidevu juu.

"Mmesikia? Za sheria."

Mmoja akakohoa, mwingine akaficha uso kwenye leso, halafu kicheko kikalipuka boti nzima, na boti ikaanza tena kulala.

"Na msicheke mkielemea upande mmoja!" Mama Ciru akafoka. "Ama mnataka kuoga? Tutaomba tukiwa tumeketi. Mungu anajua tuko kwa maji."

Wakaomba wameketi. Kutoka amina hadi ng'ambo kila mmoja alitaka kujua kipimo chake, na Wasike akawatajia bila woga, na waliporudi baada ya chai ni Mama Ciru aliyewapanga. "Wewe moja na nusu, huku. Lynette, umekula chapati tatu, usiende mbele sana." Alipofika ufuoni alimwambia Ndungu neno moja tu: mwezi ujao wanakuja tena, na dereva ni huyu.

Ndungu akatoa mfukoni ufunguo wa kibanda kinachofungiwa injini, akamwekea Wasike kiganjani.

"Jumatatu ukuje na hiyo kitambaa tena."

"Kitambaa si yangu, Mzee. Ni ya Mama Sifuna."

"Basi mwambie na yeye akuje."

Nanzala alikuja Jumatatu asubuhi, kabla ya wageni. Aliingia botini kwa mguu mmoja katikati, akiwa ameinama, bila kushikwa mkono. Akaona ile mitungi miwili puani.

"Hizi ni za nini?"

"Nikiwa peke yangu pua inaenda juu sana. Lazima kitu kikae pale mbele."

Nanzala akaifungua, akaimwaga yote miwili bwawani, akaisukuma kando. Akaketi pale pale puani, uso mbele, leso ikipepea. Wasike akawasha injini. Boti ikaondoka, na alipoangalia ukingo wake dhidi ya maji, pua ilikuwa imeinuka upana wa kiganja, si zaidi, si pungufu.

"Baba Sifuna," Nanzala akasema bila kugeuka, "leo huna kuku hapa. Mimi ni gunia ngapi?"

Wasike aliangalia pua ya boti kwanza.

"Wewe ni ile inatosha," akasema. "Usipokuwa hapo, pua inaenda juu na mimi naenda chini."

Mabega ya Nanzala yakaanza kutikisika, kama ni kicheko au ni machozi Wasike hakuweza kujua kwa nyuma, lakini boti iliinama kidogo kushoto.

"Usielemee upande mmoja," akamwambia, na sauti yake mwenyewe haikuwa imesimama sawa.